Ile Filamu ya Brazili Niliyoiacha Katikati

Mwende,

Salamu nitaziruka. Tuko nyumba moja, asubuhi umenipa chai mwenyewe na ukanicheka kwa kuvaa soksi mbili zisizofanana, kwa hivyo hali yangu unaijua. Sasa hivi wewe na mama yako mmeenda kumuaga nyanya yako mzaa mama, na huyo haagwi kwa dakika kumi, kwa hivyo hamtarudi kabla kuku hawajaingia. Nimepata nafasi. Nimekaa kwenye meza ya kulia na biro ya kanisa na daftari lako la Kemia la Form Four, kwa sababu ndilo lililobaki na kurasa nyingi tupu. Usikasirike. Matokeo yako ya Kemia yalishatueleza ni kwa nini.

Habari ya sweta, ya kufunga mlango na ya kutolala na simu kichwani mama yako ameimaliza, sina la kuongeza. Mimi nataka tuongee kuhusu filamu. Halafu baada ya filamu nina neno zito, na nimeamua kuanzia mbali kwa sababu nikilianza moja kwa moja nitaichana karatasi, kama nilivyofanya jana mara mbili. Neno lenyewe ni la Ikutha. Lazima ulisome kabla hujapanda gari kesho asubuhi kwenda huko na kamera yako.

Hii miezi mitatu ya kungojea chuo imekuwa mizuri kwangu kuliko unavyodhani. Nilikuwa nafunga duka la redio mapema, narudi, nakukuta umeshaweka laptop juu ya stuli. Umenizungusha dunia nzima bila mimi kutoka Mbumbuni. Na kila mahali uliponipeleka palikuwa na maiti. Nilimwambia mama yako, huyu mtoto ana roho gani, hawezi kuleta filamu moja ambayo watu wanaoana na mambo yanaishia hapo?

Ya Korea ndiyo tulianza nayo. Mama dobi anapokea mashati ya mteja wake tajiri, na kila mara shati moja lina damu kwenye mkono. Anaitambua. Anafua, anapiga pasi, anakunja. Saa mbili nzima! Hakuna ngumi, hakuna gari linalolipuka, hata polisi wanakuja mara moja tu, na wanaleta sare zao zifuliwe. Nilikuambia filamu hiyo ingeonyeshwa ukumbini kwangu zamani watu wangevunja mabenchi na kudai kiingilio chao. Ukasema, "Dad, hiyo ndiyo point." Nikajifanya sielewi. Siku tatu baadaye nilikuwa nachoma waya za redio ya mteja pale dukani, nikajikuta namwona yule mama anavyolikunja lile shati polepole, anaingiza mkono wenye doa upande wa ndani. Nikaacha kazi nikatoka nje kupata hewa.

Ya Wafaransa sitaisamehe. Watu wanakula chakula cha mchana saa nzima, wanavuta sigara, mmoja anamwambia mwingine kwamba hampendi tena, halafu dakika ya mwisho tunaonyeshwa kwamba kuna mtu alikuwa kisimani tangu mwanzo, na kisima kiko palepale nyuma ya meza. Wewe ulipiga makofi. Mimi nasema watu wa huku wangemgundua siku ya kwanza, kwa sababu huku mtu hakai nusu siku bila kuchota maji.

Ya Poland nilikuambia ni nzuri, na sikukueleza kwa nini. Yule karani wa stesheni anamkatia tiketi mwanamume aliye na msichana anayelia. Anaona kabisa kuna kitu. Lakini foleni ni ndefu, na kazi yake ni kukata tiketi. Msichana anapokutwa ameuawa hakuna anayemlaumu karani, hata polisi wanamwambia amesaidia sana kwa kukumbuka rangi ya koti. Anaendelea kukata tiketi mpaka anastaafu, wanamkatia keki. Nakumbuka uso wake akiishika ile sahani ya keki. Ulidhani nasinzia. Sikuwa nasinzia.

Halafu ya India, ile ya polisi na mshukiwa kwenye mvua. Aliyeitengeneza ni mtu mwerevu, na ni mtu mbaya. Anatuwekea ngoma, anatuwekea polisi mwenye kifua, na sisi tunashangilia mshukiwa akipigwa. Nilipiga makofi mwenyewe, nikasema, "Mwongeze!" Baada ya saa moja tunaambiwa hakuwa yeye. Nilikuona ukinitazama kwa jicho la pembeni, unatabasamu, kama kusema wamekupata, Dad. Walinipata kweli. Lakini si mara ya kwanza, mwanangu.

Utaona sijaandika kuhusu ya Brazili. Nakuja.

Kazi yangu ya zamani unaijua kwa sifa tu, kwa sababu sifa ndizo nilizokupa. Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa na ukumbi wa vidio Ikutha, mabati na mabenchi, jenereta nyuma, televisheni moja juu ya kabati. Unajua waliniita Kinanda. Filamu zilikuja na Kiingereza au Kichina, na watu wa soko la mifugo hawakuwa na haja ya Kichina, kwa hivyo mimi nilikaa karibu na televisheni na maikrofoni na kuwaeleza kwa Kikamba na Kiswahili. Nusu ya niliyoyasema hayakuwemo kwenye filamu. Niliwapa wahusika majina ya hapa kwetu, mkubwa wa majambazi nikampa sauti ya chifu, na kila mtu alijua stelingi ni nani, kwa sababu stelingi ndiye wa kushangiliwa na hafi, na adui ndiye wa kupigwa. Watu walitembea mbali kuja kunisikia mimi. Filamu walikuwa wameshaiona.

Niliwahi kukuambia nilifunga kwa sababu mashine ya vidio iliibiwa. Mashine haikuibiwa. Niliiuza mwenyewe kwa mtu wa Kibwezi, kwa bei ya kutupa, na sikurudi Ikutha tena.

Ilikuwa siku ya soko, saa sita mchana, ukumbi umejaa. Tukasikia kelele nje, "Mwizi! Mwizi!" Watu wangu wakainuka wote kwa pamoja, na filamu ilikuwa imefika pale stelingi anaingia nyumba ya adui. Nilibaki na mabenchi. Nilichokisikia wakati ule nakiandika kama kilivyokuwa: nilisikia wivu. Nilikuwa nimezoea kwamba sokoni pale hakuna kinachotazamwa zaidi yangu. Nilikuwa na spika mbili, moja ndani na moja nje juu ya mlango ya kuita wateja. Waya wa maikrofoni ulikuwa mrefu. Nikatoka nao mpaka mlangoni.

Mtu mwenyewe aliitwa Nzioka. Hakuwa wa sokoni, alitoka vijiji vya mbali upande wa mto Athi, na alikuwa na mbuzi watatu. Mtu fulani alisema mmoja wao anafanana na wake aliyepotea. Mpaka hapo ilikuwa ni maneno. Walikuwa wamemzunguka, wanamsukuma, wanamuuliza, na wengine walikuwa wanasema aitwe chifu. Ingeweza kuishia hapo. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi kuliko filamu yoyote, na kila mara naona ingeweza kuishia hapo.

Mimi nikasema kwenye spika, "Haya, haya, haya! Adui amepatikana! Stelingi ni nani leo? Namwona huyo wa shati jekundu, huyo ni komando, mpisheni komando!"

Yule wa shati jekundu alikuwa amesimama tu na fimbo ya kuchungia. Watu waligeuka wakamtazama. Aliposikia ameitwa komando, alipiga.

Wakacheka. Nikampa wa pili jina, naye akapiga. Nikampa wa tatu. Watu walianza kusukumana waje mbele niwape majina, Mwende. Mwanamume mmoja ambaye baadaye nilimwona akitoa sadaka kanisani alinipungia mkono ili nisimsahau. Nzioka alikuwa anasema kitu. Alikuwa anasema kwa Kikamba kizuri kabisa, lugha ambayo kila mtu pale aliijua, hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Mimi nikamtafsiria. Nilitumia ile sauti nyembamba niliyokuwa nawawekea majambazi waoga, nikasema, "Anasema tumsamehe, alidhani ni mbuzi wa mama mkwe!" Soko lote likaangua kicheko. Kila alipofungua mdomo nilimtangulia, na spika ilikuwa na nguvu kuliko kifua chake.

Watu hawa hawakuwa na hasira. Hilo ndilo ambalo magazeti hayaandiki, kwamba wananchi wenye hasira hawana hasira. Hasira ingechoka mapema. Hawa walikuwa wanafurahi, na mimi ndiye niliyekuwa nawafurahisha.

Mzee aliyemuuzia wale mbuzi alikuwa hotelini akila, hatua kama sitini kutoka pale. Alisikia vicheko akadhani ni vidio. Alipomaliza chakula chake ndipo alipotoka, bado anafuta mdomo, akapenya mpaka katikati. Akasimama. Akasema, "Huyu si ndiye niliyemuuzia asubuhi? Kwani hakuwaambia?"

Alikuwa ametuambia.

Walimbeba kwenye mkokoteni kumpeleka hospitali lakini hakufika. Polisi walipokuja kila mtu alikuwa amepita tu njia. Nami nilisema nilikuwa ndani, na mashine, sikuona. Waliandika hivyo. Mkono wangu haukuwa umeshika jiwe wala fimbo, na kwa muda mrefu nilijiambia hilo ni jambo kubwa.

Juma moja baadaye mke wake alikuja. Anaitwa Kasyoka. Nilikuwa nafagia ukumbi ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuingia tangu siku ile, nikaona mtu amesimama mlangoni, kanga ya matanga kichwani, haingii wala haondoki. Akaniambia kwa upole kabisa, "Wanasema wewe ulikuwa karibu. Wanasema alikuwa anaongea. Alisema nini?"

Nikamwambia sikusikia. Nikamwambia jenereta ilikuwa na kelele.

Akanishukuru. Alinishukuru, Mwende, akaniambia pole kwa kukatiza kazi, akaondoka. Nilikuwa nimesikia kila neno. Ili umfunike mtu na maneno yako lazima umsikie yeye kwanza, ujue anapovuta pumzi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na niliijua vizuri.

Sasa unajua kwa nini pasta ameniomba mara nyingi nisome matangazo na mimi nikasema nina kikohozi. Unajua kwa nini nilikataa kuwa MC kwenye harusi ya shangazi yako, mpaka akaninunia mwaka mzima. Na maandishi ya chini ya filamu, ambayo ulidhani nayataka kwa sababu masikio yangu yanazeeka: hapana. Mtu akizungumza lugha nisiyoijua, na aonekane anaomba, siwezi kuvumilia kutojua anasema nini. Nikikosa neno moja nasikia joto mgongoni. Ulikuwa unaniambia, "Relax, Dad, ni movie tu," na mimi nakuomba urudishe nyuma kidogo.

Ile ya Brazili ulianza kuniwekea saa kumi za jioni, mvua imetishia ikapita. Nilikuwa naipenda mpaka pale kijijini wanapomshika yule mwizi wa pikipiki. Nilijua kinachokuja, nikajiandaa kufumba macho. Lakini aliyeitengeneza hakuonyesha anayepigwa. Aligeuza kamera akawaonyesha wanaotazama. Muda mrefu. Mama mwenye mtoto, mzee mwenye baiskeli, muuza barafu anayeendelea kuuza barafu. Hakuna muziki. Halafu mtu mmoja kwenye umati akasema mzaha, na nyuso zote zikafunguka kwa pamoja.

Nikainuka. Ukaniuliza, "Dad, unaenda wapi? Hii ndiyo best part!" Nikasema naenda kumwangalia ndama. Ndama alikuwa amelala vizuri. Nilikaa naye mpaka mama yako akaja na tochi, akanitazama, hakuuliza. Mama yako anajua. Nilimwambia kabla hatujaoana, akanyamaza siku mbili, kisha akakubali kuolewa nami, na sijawahi kujua alifikiria nini katika zile siku mbili. Uliisimamisha ile filamu kuningojea, ukaisimamisha juu ya uso wa mwanamume anayecheka, na nilipoingia ndani alikuwa bado anacheka pale juu ya stuli. Nikakuambia tutaimalizia siku nyingine.

Ukitaka maoni yangu ya kweli kuhusu filamu hizi zako, ni haya. Mimi nilikulia kwenye filamu za stelingi na adui na nimeziuza miaka. Hazikuniambia uongo kuhusu kuuana, watu wanauana. Uongo wake ulikuwa kwamba mtu mbaya anajulikana kwa sura na muziki wake, na kwamba anayetazama hana kazi nyingine ila kutazama. Hizi zako zinanichosha, ni polepole, giza tupu, nusu ya wakati sijui nani ni nani. Lakini yule dobi, yule karani, yule wa barafu, hao nawajua. Nimekaa mezani nao. Nilidhani niko peke yangu duniani, na wewe bila kujua umenionyesha Korea na Poland kuna watu wanaamka na kitu kama changu.

Sasa, filamu yako. Chuo kimekuomba uje na dakika kumi kuhusu mtu unayemjua, na wewe ukanichagua mimi. Ulipoingia dukani mbio juma lililopita ukisema, "Dad, nimepata mzee mmoja wa Ikutha, anasema ulikuwa legend, anasema ana story zako kibao," nilishika bisibisi nikasahau nilichokuwa nakifungua. Ulikuwa na furaha hata ukakumbatia mteja. Mzee huyo ni nani sijui. Labda atakuambia yote, labda atakuambia akicheka. Mama yako aliniambia usiku huohuo, "Mwambie wewe, ama nitamwambia mimi." Nimengoja mpaka siku ya mwisho. Huo nao ni uoga, uongeze kwenye orodha.

Naogopa, mwaitu. Nakuita hivyo, mama yangu, kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na yeye alikufa bila kuniuliza kwa nini nilitoka Ikutha. Naogopa kwamba ukimaliza kusoma utaniangalia kama nilivyomwangalia yule anayecheka kwenye stuli. Sina dawa ya hilo. Unitazame hivyo kama ndivyo unavyoona. Lakini nimeona ni afadhali unitazame hivyo ukiwa unajua, kuliko unipende kwa filamu niliyoitafsiri mwenyewe.

Sikuombi usiende Ikutha. Nenda. Sikuombi uniondoe kwenye dakika zako kumi wala uniweke. Ni kazi yako, na nimeona macho yako ukifanya kazi, unajua kungoja mtu amalize kusema. Hilo hukulipata kwangu.

Ninalokuambia ni hili moja. Kesho sitakuacha stendi. Begi dogo liko chini ya kitanda, nimeshafunga. Tutaenda pamoja mpaka mjini Wote, mpaka Kibwezi, mpaka Ikutha. Kama hutataka kukaa kiti kimoja nami nitakaa nyuma, na sitauliza. Nimeulizia kwa mtu anayenunua mbuzi huko, na Kasyoka yuko hai, yuko kwenye boma lilelile upande wa Athi. Kama utataka kuja na kamera, ruhusa muombe yeye. Anaweza kutufukuza. Anaweza kuita watu, na ana haki. Mimi nitasimama mlangoni kwake kama alivyosimama mlangoni kwangu, nimwambie nilikuwa nimesikia.

Nitamwambia mume wake alisema mbuzi ni wake, na akamtaja aliyemuuzia kwa jina, mara nne, labda tano. Halafu alipoona hatumsikii aliacha kujitetea. Alikuwa ameshaanguka. Aligeuza kichwa upande wa wale mbuzi na akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeacha maagizo nyumbani: "Huyo mweupe ni wa Kasyoka, nimemnunulia. Mlegezeeni kamba, inamkaba."

Baba yako